Alianguka darasani, wenzake wakakimbia: niwafundishe vipi?

BARUA

Assalam aleikum,

Mimi ni mwalimu wa kidato cha pili katika shule ya kutwa huku Kisauni, Mombasa, wasichana na wavulana pamoja. Alhamisi iliyopita, kipindi cha kwanza, saa 1:40 asubuhi, msichana wa miaka 15, ambaye nitamwita Mwanaisha ingawa si jina lake, alipiga ukelele akaanguka katikati ya madawati. Alikakamaa, kisha akaanza kutukutika mwili mzima, povu mdomoni, midomo ikamgeuka rangi. Darasa zima lilitoka mbio. Waliobaki walikuwa watatu. Mmoja alimkalia miguu, mmoja alikimbilia jikoni akarudi na kijiko akitaka kumtia mdomoni, na wa tatu alitoa simu ambayo hata hakutakiwa kuwa nayo shuleni akamrekodi. Mimi nilisimama na chaki mkononi. Sijui ilichukua muda gani, kwangu ilikuwa kama nusu saa.

Aliporudi Jumatatu, dawati lake lilikuwa limesogezwa pembeni, peke yake. Wenzake wanasema povu lake huambukiza, wengine wanasema ana jini la baharini. Ile video imezunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Mama yake ameniambia kwa siri kwamba hii ni mara ya pili. Ya kwanza ilikuwa Desemba, asubuhi baada ya kukesha kwenye harusi ya binamu yake, na tangu hapo wanamfanyia kisomo na kumnywesha kombe. Hospitali hawajaenda. Mwalimu mkuu naye anaona akae nyumbani kwanza mpaka apone.

Nimeomba nafasi ya kuzungumza na wanafunzi. Nimepewa kipindi kimoja cha dakika 40, Ijumaa wiki ijayo, mikondo mitatu pamoja ukumbini, kama wanafunzi 150. Niwaambie nini vijana wa umri huu, wasicheke wala wasisinzie?

Na jambo dogo, nawaandikia tu ili mjue ni mtoto wa namna gani: ni mwerevu, ila asubuhi huwa mzembe. Kalamu humruka mkononi, na mama yake anasema chai humwaga karibu kila siku. Nimeshamgombeza mara kadhaa.

Mwalimu, Kisauni

JIBU

Wa aleikum salaam, mwalimu. Tuanzie ulipomalizia, kwenye kalamu, kwa sababu hayo uliyoyaita madogo huenda ndiyo yenye uzito kuliko yote uliyoandika.

Kalamu inayoruka mkononi asubuhi, chai inayomwagika kabla ya shule, kisha mtoto anaanguka asubuhi baada ya usiku wa kukesha. Mambo haya yakikutana kwa kijana wa kati ya miaka 12 na 18, daktari anayekijua kifafa hutega sikio. Iko aina ya kifafa inayoanza hasa katika umri huo. Kijana anapoamka, kwenye saa moja au mbili za mwanzo, mabega na mikono humshtuka ghafla, mara moja au mara mbili tatu, kama mtu aliyeguswa na waya wa stima. Akili yake iko timamu, anakuona na anakusikia, ila kikombe alichoshika kinakwenda chini. Nyumbani huitwa mzembe, shuleni huitwa mzembe, mpaka mwenyewe huamini. Miezi inaweza kupita hivyo kabla ya anguko kubwa la kwanza, na anguko hilo hupenda kuja asubuhi, usingizi ukiwa umepungua. Ulisema Desemba lilimjia baada ya harusi. Je, usiku wa kuamkia Alhamisi alilala saa ngapi? Muulize.

Jina la ugonjwa halitolewi kwa barua, na wewe pia usimpe. Lakini hakikisha habari ya kalamu na chai inamfikia daktari, kwa sababu mama asipoulizwa hataitaja, na isipotajwa dawa inaweza kukosewa. Kabamazepini, ambayo wengi huijua kwa jina la Tegretol, ni dawa nzuri kwa aina nyingi za kifafa, lakini mishtuko ya asubuhi ya namna hii inaweza kuizidisha. Fenitoini vivyo hivyo. Hapo ndipo watu wengi hupotezwa: mtoto anapewa dawa, mikono inaruka zaidi, nyumbani wanasema dawa za hospitali zimeshindwa, basi hili ni jini kweli. Kumbe dawa ilikuwa ya kifafa cha aina nyingine.

Na kabla ya Ijumaa, mwalimu, mwite Mwanaisha pembeni umwombe radhi kwa kule kumgombeza. Maneno machache yanatosha.

Kwa mama yake nenda alasiri, jua likishapoa, na usiende na vita dhidi ya kisomo. Dua na dawa havigombani. Kuna hadithi sahihi aliyoisimulia Ibn Abbas, ya mwanamke aliyemwendea Mtume (S.A.W.) akamwambia kuwa yeye huanguka na mwili wake hufunuka, akaomba dua. Akapewa hiari, asubiri apate Pepo au aombewe apone. Akachagua kusubiri, ila akaomba awe hafunuki, naye akaombewa. Mwanamke huyo hakufukuzwa wala hakutengwa, na sitara yake ilishughulikiwa. Ustadhi yeyote wa hapo mtaani anaijua. Mwambie mama: kisomo kiendelee, ila mambo matatu yaondolewe. Asikeshwe usiku kucha akisomewa, maana kukesha kwenyewe huleta kifafa. Chetezo chenye moto kisiwekwe mbele ya mtu anayeweza kuanguka wakati wowote. Na akishaanza dawa, isisimamishwe hata siku moja kwa sababu mganga amesema ziachwe kwanza.

Halafu kaeni pamoja mwandike karatasi moja ya kwenda nayo kwa daktari. Kifafa hutambuliwa zaidi kwa maelezo ya aliyeona kuliko kwa mashine, na aliyeona ni wewe. Andikeni tarehe na saa ya kila anguko, na usiku uliotangulia alilala saa ngapi mpaka saa ngapi. Nini kilianza, ukelele, kichwa kugeuka upande mmoja, au mkono mmoja kutangulia? Macho yalikuwa wazi au yamefumba? Aliuma ulimi, alijikojolea? Baada ya kutulia alichukua muda gani mpaka akajua jina lake na mahali alipo? Kisha kalamu na chai: saa ngapi, mara ngapi kwa wiki. Ongezeni kama alizaliwa kwa shida, kama aliwahi kupata degedege utotoni, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo au pigo kubwa la kichwa, na kama kuna mwingine kwenye ukoo. Wakiwa na bahati kituo cha afya cha karibu kitamwandikia rufaa ya Makadara, yaani Hospitali Kuu ya Pwani, akaonwe na daktari wa ubongo na kupimwa umeme wa ubongo. Kwa kipimo hicho kichwa kioshwe, kisipakwe mafuta, na nywele zisisukwe. Zile nyaya zinazobandikwa hazipigi shoti, zinasikiliza tu. Na majibu yakitoka safi, haimaanishi hana kifafa. Mashine husikiliza kwa nusu saa hivi, na ubongo unaweza kutulia nusu hiyo yote.

Mama ataogopa neno “dawa za maisha”. Mwelezeni ukweli wake. Dawa hunywewa kila siku, mara nyingi asubuhi na jioni, na kwa kawaida daktari hafikirii kuipunguza mpaka mtu atimize angalau miaka 2 bila kuanguka. Aina hii ya kifafa cha vijana mara nyingi huhitaji muda mrefu zaidi. Lakini Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 70 katika 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka kabisa wakitambuliwa na kutibiwa vizuri. Jambo moja mama aliulize kwa sauti, asione haya: valproeti. Ni dawa yenye nguvu kwa mishtuko hii, lakini mwanamke akishika mimba huku anaitumia, karibu mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro za mwili, na wengine zaidi huchelewa kimaendeleo. Kwa msichana aliyevunja ungo daktari hupima kwanza dawa nyingine, kama levetirasetamu. Mama ana haki ya kuuliza kwa nini binti yake amechaguliwa hii na si ile.

Sasa twende ukumbini.

Mwanaisha asifanywe mfano. Usimtaje, usimtazame, na kama anataka kukaa maktaba dakika hizo 40, aende. Kama anataka kusema mwenyewe, iwe ni wazo lake na mama yake akubali. Na usitumie muda wako kuwahubiria wasimtenge. Vijana wa miaka 15 wamehubiriwa vya kutosha. Walikimbia kwa sababu mikono yao haikujua la kufanya, na yule wa kijiko alitaka kusaidia, alifundishwa vibaya tu na mtu mzima fulani. Ukiipa mikono kazi, hofu hupungua, na dawati lile litarudi katikati bila wewe kuamuru.

Wanafunzi 150 kwa mkupuo ni wengi. Omba vipindi vitatu, darasa moja moja. Ukikataliwa, chagua 15, watano kila mkondo, uwafundishe Alhamisi baada ya masomo, na Ijumaa kila mmoja aongoze kikundi cha watu kumi. Mtie kati yao yule wa kijiko na yule aliyekalia miguu. Tafuta mikeka, sweta kadhaa, leso (khanga) na saa. Wasichana wafanye mazoezi upande wao na wavulana upande wao, la sivyo kicheko kitawashinda.

Siku mbili kabla, weka sanduku la karatasi mlangoni, kila mmoja atie swali bila jina. Utapata yaleyale. Huambukiza? Hapana, si kwa povu, si kwa mkojo, si kwa kula sahani moja wala kulala kitanda kimoja. Povu ni mate yaliyochanganyika na hewa kwa sababu hayamezwi, na likiwa na damu ni ulimi ulioumwa. Ni wazimu? Hapana. Anaweza kuolewa, kuzaa, kusoma chuo kikuu? Ndiyo. Hutoka wapi? Kwa wengine ni pigo la kichwa, shida wakati wa kuzaliwa, maambukizi ya ubongo, au urithi, na kwa karibu nusu ya wagonjwa duniani sababu haijulikani. Ni wangapi? Kama milioni 50, na wengi wao wako kwenye nchi kama zetu. Wakitaka kujua kama jambo hili linachunguzwa huku kwetu, waambie kituo cha KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kilichoko Kilifi, mwendo wa saa moja na nusu tu kwa matatu, kimekitafiti kifafa cha watu wa pwani kwa miaka mingi.

Ufunguzi uwe makofi. Waambie kila mtu apige kwa mwendo wake, polepole, mwenzake asimfuate. Ukumbi utakuwa na mvumo wa kawaida. Huo ndio ubongo mzima, mabilioni ya chembe zikizungumza kwa umeme mdogo, kila moja kwa zamu yake. Kisha inua mkono, wote wapige pamoja kwa pigo moja, kwa nguvu. Hicho ndicho kifafa: chembe nyingi zimeshika pigo moja, na mwili unafuata. Wakiwa wa kona moja tu ya ukumbi ndio wanaopiga pamoja, huyo ni mtu ambaye mkono mmoja unacheza, au anatafuna midomo na kupapasa vifungo vya shati bila kujua. Dakika 5 zinatosha kwa hili.

Halafu wafumbe macho, wanyamaze, na kila mmoja ainue mkono anapodhani dakika 2 zimepita. Wengi watainua mapema. Ndiyo maana nusu saa yako, mwalimu, yaelekea ilikuwa dakika 2 au 3. Mwili hukakamaa sekunde 10 hadi 20, kisha hutukutika dakika moja au mbili, kisha hulegea. Asiyetazama saa hujiona yuko humo tangu asubuhi, na huko ndiko vijiko hutoka.

Muda uliobaki, na usipungue dakika 20, uwe wa mazoezi. Wagawe watatu watatu, na majina ya kazi yawe mafupi: mtu wa kichwa, mtu wa saa, mtu wa mlango.

Mtu wa kichwa hupiga magoti. Kwenye sakafu ya saruji kinachovunjika ni kichwa, basi sweta iliyokunjwa iingie chini yake, na madawati yasukumwe mbali badala ya kumburura mgonjwa. Miwani itoke. Kola ilegezwe. Kwa msichana aliyejifunga mtandio, ichomolewe ile pini ya kidevuni tu. Pini ikibaki inaweza kumchoma shingoni, na mtandio ukivutwa wote mbele ya wavulana utakuwa umemvunjia heshima bila sababu. Leso ifunike kuanzia kiunoni mpaka miguuni, maana sketi hupanda, na huenda akajikojolea kibofu kikikazwa na misuli. Asikaliwe wala asishikwe kwa nguvu. Misuli ya wakati huo haina breki, na bega likishikiliwa hung'oka. Mdomoni hakiingii kitu, si kijiko, si kitambaa, si kidole. Ulimi haumezeki, umefungwa chini ya mdomo. Kijiko huvunja meno, na kipande cha jino kikishuka kooni ndicho kinachoziba pumzi. Maji pia hapana, kwa sababu hamezi na yataingia mapafuni. Kitunguu, kiatu cha kunusa, kiberiti kilichozimwa puani, vyote havina kazi, na kiberiti chaweza hata kumuunguza. Ule ukelele wa mwanzo si maumivu, ni hewa inayosukumwa nje kifua kinapokaza. Midomo kuwa buluu ni kwa sababu kifua kimekaza na pumzi imekatika kidogo, nayo hurudi mwili ukilegea.

Mtu wa saa hutamka kwa sauti: dakika moja, dakika mbili. Kazi yake ndiyo hiyo tu, na asiiache aende kusaidia.

Mtu wa mlango huwatoa wengine nje na kusimama akiwapa mgongo wasiotakiwa kuona. Yeye pia ndiye anayemwita mwalimu wa zamu.

Mwili ukilegea, na hata kabla ikiwezekana bila nguvu, alazwe ubavu. Wafanye mara mbili, mara ya kwanza ukiwaelekeza, mara ya pili kimya. Mkono ulio karibu nawe unyooshe pembeni. Mkono wa mbali uvute mpaka mgongo wa kiganja ulale chini ya shavu lake. Goti la mbali liinue, nyayo ikanyage sakafu. Shika goti hilo, vuta kuja kwako, naye atageuka wote kama mkeka unaokunjwa. Kisha kichwa kirudishe nyuma kidogo, mdomo uelekee chini ili mate yamwagike. Sogeza sikio karibu na pua yake usikie pumzi. Kosa utakaloliona mara nyingi ni kuvuta bega badala ya goti, na hapo hata kijana mwenye nguvu hushindwa kumgeuza mwenzake mnene. Kwa goti, msichana mdogo kuliko wote darasani anaweza.

Dakika ya tano ikitajwa na bado anatukutika, ni hospitali, pasiwe na mjadala. Anguko lililopita dakika 5 mara nyingi halikomi lenyewe, linahitaji dawa ya kulikata. Vilevile akianguka mara ya pili kabla hajapata fahamu, akiumia kichwa, akiwa mjamzito, akiwa na kisukari, akiwa ameangukia majini, akishindwa kupumua vizuri baadaye, au ikiwa ni mara yake ya kwanza maishani. Andikeni leo, bandikeni ndani ya mlango wa ofisi: hospitali iliyo wazi saa 24 ni ipi, na nambari za madereva wawili wa tuktuk. Kwenye tuktuk alale ubavu kwenye kiti cha nyuma, mmoja akikaa chini kumshika kichwa. Kamwe asibebwe katikati kwenye bodaboda, kichwa kinaning'inia na koo linajikunja.

Si kila anayeanguka ana kifafa. Aliyezirai kwenye gwaride la juani huwa mweupe, anatoka jasho, na ndani ya dakika moja anajua alipo. Na si kila kifafa huangusha. Yupo anayekodoa macho sekunde kumi hivi, unamwita haitiki, kisha anaendelea kuandika kana kwamba hakuna lililotokea, hata mara nyingi kwa siku. Huyo huitwa mvivu wa kusikiliza. Yupo anayeinuka na kutembea akipapasa nguo. Asishikwe kwa nguvu, aelekezwe polepole mbali na ngazi na barabara.

Kuhusu video. Mwite yule kijana mwenye simu, bila wenzake. Video ya anguko ina thamani kubwa, kwa daktari. Aitume kwa mama wa Mwanaisha, kisha aifute kwake na aombe wote aliowatumia waifute. Habari za afya ya mtoto zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kijana wa miaka 15 anastahili kujua hivyo kabla hajabonyeza kutuma, wala si lazima aambiwe kwa kutishwa.

Mwalimu mkuu apelekewe jambo hili kwa adabu, lakini lipelekwe. “Akae nyumbani mpaka apone” maana yake ni kumwachisha shule mtoto kwa ugonjwa usioambukiza, na Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ambayo kisheria ni pamoja na sekondari. Mpelekee mpango ulioandikwa: nani mtu wa kichwa katika kila darasa, leso na sweta ziko droo gani, namba ya mama ni ipi. Mkuu aliyeogopa lawama hutulia akiona karatasi yenye majina.

Yako ambayo Mwanaisha mwenyewe ayajue, nawe unaweza kuyasema kwa wote ukumbini bila kumlenga. Usingizi kwanza, muda wa saa 8 au 9 kila usiku. Muguka na miraa humwondolea mtu usingizi huo, pombe ni vivyo hivyo na zaidi. Taa za kumetameta za harusini huwasumbua wachache, kama watu 3 katika 100 wenye kifafa, ingawa kwa wenye mishtuko ya asubuhi ni zaidi. Kuogelea baharini, ufuoni Nyali au Pirates, asiende peke yake kamwe, na mwenzake awe anayejua kuogelea na anayejua habari yake, maji yasimpite kifua. Bafuni mlango usikomewe. Jiko la makaa lililoko sakafuni apike mwingine. Kivukoni Likoni asisimame ukingoni pa feri. Dawa aliyoisahau ainywe anapokumbuka, ila kama saa ya inayofuata imekaribia, aache, asizinywe mbili kwa pamoja.

Ramadhani inataka mpango wake, na uanze kupangwa Shaabani, mwezi unaoitangulia. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, hilo limo ndani ya Kurani. Anayetaka kufunga amuulize daktari kama dozi zake mbili zinaweza kukaa kwenye futari na daku. Kwetu hapa kati ya daku na futari ni kama saa 14, na si kila dawa hudumu hivyo mwilini. Na tarawehe, kisha daku saa 10 alfajiri, hukata usingizi vipande viwili. Alale mchana.

Kama vijana wataka siku ya kuvaa rangi, Machi 26 ni siku ya zambarau ya kifafa, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Cassidy Megan, msichana wa Kanada mwenye kifafa aliyekuwa na miaka 9 tu. Utepe ni mzuri, lakini uvaliwe na aliyekwisha kumgeuza mtu kwa goti.

Limebaki moja ambalo mazoezi mengi hulisahau: akiamka. Huamka hajui alipo, kichwa kinamgonga, ulimi unauma, na anaona nyuso zimemzunguka. Anaweza kukaa hivyo dakika 10 hadi 30, wengine zaidi. Akitaka kusimama, asizuiwe kwa nguvu, azuiliwe kwa sauti. Mtu wa kichwa abaki alipo, anene polepole, na arudie kadiri itakavyohitajika. Wafundishe maneno yenyewe, wayakariri: “Uko darasani. Leo ni Alhamisi. Ulianguka dakika mbili, imekwisha. Umefunikwa, hakuna anayekutazama. Mimi nipo hapa.”